Mama Panya na Figo za Mdogo Wake

Kazini walimwita Mama Panya, naye hakukasirika. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akisafisha vizimba vya panya katika maabara ya utafiti wa figo: kubadilisha maranda, kujaza chupa za maji, kuwatoa waliokufa. Mdogo wake, mwalimu wa chekechea, ndiye aliyelifurahia jina hilo kuliko wote. "Dada yangu ana watoto mia tatu," aliwaambia wenzake, "na wote wana mikia."

Mama yao alipofariki, ni Mama Panya aliyembeba mdogo wake mgongoni na kumsomesha. Kwa hiyo hospitali ilipogundua uvimbe wa saratani tumboni mwa mwalimu, ni yeye aliyekaa kando ya kitanda. Dripu ya kwanza, ya pili, uvimbe ukanywea. Wakamshukuru Mungu. Baada ya dripu ya tatu, miguu ikafura na mkojo ukawa matone. Daktari wa wodi hakuzunguka mbuyu: dawa inayoua uvimbe imeziumiza figo.

Mama Panya akainua macho, akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye faili. Jina la dawa ile alilijua. Lilikuwa kwenye kadi za vizimba vya dirishani, ambako panya walichomwa sindano ya dawa hiyo makusudi ili figo ziharibike. Alijua hatua zote. Siku ya kwanza wanakula kama kawaida. Siku ya tatu manyoya yanasimama, wanajikunyata pembeni. Baada ya hapo anakuja yeye na mfuko.

Lakini kulikuwa na safu ya vizimba vya mlangoni. Hao walichomwa dawa ile ile, kisha wakaongezewa kitu kutoka kichupa chenye kifuniko cha buluu, wakaendelea kutafuna kana kwamba hakuna lililotokea.

Kesho yake, mtafiti wa maabara alipokwenda kikaoni, Mama Panya alifungua friji akatia kichupa kimoja mfukoni. Hakuwahi kuchukua hata kipande cha sabuni pale. Mfa maji hukamata maji.

"Nini hicho, dada?" mdogo wake aliuliza wodini.

"Kinaokoa figo. Nimeona kwa macho yangu."

"Figo za nani?"

"Za panya."

Mwalimu akacheka hadi akakohoa. "Basi angalia kama nimeota mkia." Kisha akakitazama kichupa kwa muda. "Hao panya wako walikuwa na uvimbe?"

Mama Panya akakirudisha kichupa mfukoni.

"Nenda kaulize. Ukirudi ukaniambia nitumie, nitatumia. Maji yamenifika shingoni, lakini sitaki kufa kijinga."

Mtafiti alikuwa binti mwembamba ambaye wote walimwita daktari, ingawa hakuwahi kutibu mtu. Alikuta kichupa mezani na Mama Panya akilia kando yake. Hakufoka. Akavuta kiti.

"Mama, sikiliza. Dawa ikiingia kwenye seli ya figo, seli inaumia, inaanza kupitisha habari ndani yake. Protini hii inaiambia ile, ile inaiambia nyingine, kama habari ya msiba inavyopita nyumba kwa nyumba. Ikifika kwenye kiini cha seli, inakuwa amri: tumeharibika, tufe. Kichupa hiki kinaikata habari njiani."

"Si ndicho ninachotaka, mwanangu?"

"Uvimbe nao unakufa kwa amri hiyo hiyo."

Mama Panya akajifuta machozi.

"Mwezi uliopita tuliwajaribu panya wenye uvimbe," mtafiti akaendelea. "Figo zilipona."

"Na uvimbe?"

Mtafiti akavua miwani. Mama Panya mwenyewe ndiye aliyeipeleka mizoga ya panya wale kuchomwa moto, na alikumbuka jinsi mfuko ulivyokuwa mzito kwa uvimbe uliokua.

"Kwa hiyo nimchagulie ndugu yangu afe kwa kipi, figo au uvimbe?"

"Hata hilo huwezi, mama. Hakuna binadamu aliyewahi kupewa kitu hiki. Kinaweza kumuua kabla ya vyote viwili."

Mama Panya alirudi wodini mikono mitupu. Mwalimu alimsoma usoni, akamshika mkono.

Daktari wa wodi alisimamisha dripu ile, akaanza nyingine isiyo kali kwa figo. Kwa wiki tatu mashine ilisafisha damu ya mwalimu. Mkojo ukarudi kidogo kidogo, na siku ulipojaa kikombe cha kupimia, Mama Panya aliwaonyesha wauguzi wote, hata mfagizi. Lakini dawa ile ya pili haikuuweza uvimbe. Katika mwezi wa saba wa matibabu, mchana, wauguzi wakibadilisha shuka, mwalimu akafariki. Vipimo vya mwisho vilionyesha figo zikifanya kazi.

Mama Panya aliporudi kazini baada ya wiki mbili za msiba, mtafiti alimpa pole, akamwomba ahamie kwenye kuosha vyombo vya kioo, mbali na panya. Mama Panya akakataa.

"Bado mnatafuta?"

"Bado, mama. Tunatafuta kitu kitakachoikata habari kwenye figo peke yake."

"Mtakipata lini?"

"Sijui."

Mama Panya akaitikia kwa kichwa, akavaa glavu. Kazi ya siku ile ilikuwa haijaguswa, na nyumbani kulikuwa kimya mno.