Betri ya Nyumba ya Magurudumu

Juzi nilishuka kwenye basi pale Nyakanazi kununua mahindi ya kuchoma, nikawakuta wageni wawili wamesimama kando ya tela lao la kulala. Walikuwa wameliegesha wiki kadhaa, na sasa hakuna taa hata moja iliyowaka. Nilimsikia fundi akiwaambia betri imekufa. Nikamkumbuka mama.

Nilikuwa darasa la tano, kijijini kwetu upande wa Rulenge. Mvua ziliposimamisha kazi ya barabara, msimamizi wa ujenzi aliomba kuliacha uani kwetu tela alimokuwa akilala. Lilikuwa jeupe, na ndani mlikuwa na kitanda, meza na taa kila kona. Alimweleza mama kwamba hata ukizima kila kitu, kuna vidude vinavyoendelea kunyonya umeme kidogo kidogo. Kwa hiyo akachomoa waya mweusi kwenye betri, akaomba usirudishwe mpaka arudi. Na kila mwezi betri ipelekwe kwa fundi wa Rulenge ikachajiwe, maana hata ikikaa bure hupungua.

Mama alikubali, na kwake kukubali hakukuwa mchezo.

Kijiji kizima hakikuwa na umeme. Watu walianza kuja na simu zao, wakiomba zichajiwe kidogo tu. Mama aliwakaribisha, akawapa ndizi na maharage, simu zikarudi zilivyokuja. Kisha akaja baba mdogo, amebeba runinga begani. Kulikuwa na mechi kubwa, na alikwishawaalika vijana.

"Shemeji," mama alimwambia, "betri ingekuwa yangu ningekuwashia sasa hivi. Nimeachiwa tu."

Baba mdogo aliondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hakula tena kwetu, na kisimani wanawake walisema mama anaringa kwa mali ya watu. Najua ilimuuma, kwani jioni alikuwa akipika chakula cha mtu mmoja zaidi, kisha anakifunika.

Siku za kuchaji tuliifunga betri wima kwenye baiskeli, mama akisukuma, mimi nikishikilia nyuma. Mara moja, kwenye mteremko wenye tope jekundu, baiskeli iliteleza. Mama aliikumbatia betri isilale. Maji yake ya asidi yalimrukia kwenye kitenge, na baada ya siku chache kikatoboka matundu. Aliendelea kukivaa hata kanisani. Nyumbani alisafisha vichwa vya betri kwa maji ya magadi, akavikausha kwa kitambaa, huku mvua ikipiga bati la tela kama maharage yanayopepetwa.

Mvua zilipokatika, msimamizi alirudi alasiri moja na betri mpya kwenye gari. Alisema kila alipowahi kuacha tela alikuta betri imekufa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaingia kufunga ule waya. Akabonyeza swichi.

Taa zote ziliwaka.

Alisimama mlangoni akimtazama mama, kisha akamwuliza angependa nini. Mama alifikiri kidogo.

"Mruhusu shemeji yangu aje na runinga yake."

Nilitumwa kumwita. Baba mdogo alikuja polepole, runinga begani, na kabla ya kuiweka chini alimsalimia mama kwa heshima kubwa kuliko nilivyowahi kumsikia. Wale wa kisimani nao walikuja. Watu walijaa mpaka nje, wakitazama kupitia dirishani. Mimi sikuitazama mechi ya jioni hiyo. Nilikuwa nikisikia watu wakiulizana nani aliitunza betri hiyo, na kila jibu lilikuwa jina la mama yangu.

Tela liliondoka barabara ilipokwisha. Siku hizi nguzo za umeme zimepita hadi kisimani, na watoto wangu hawaelewi kwa nini mtu asukume betri mlimani. Mama naye hayupo. Ila jioni ile namwona bado: amekaa kwenye kiti cha tela, chini ya taa, mikono imetulia magotini kama mgeni aliyealikwa. Katika utoto wangu wote, ndiyo mara pekee niliyomwona amekaa bila kazi mkononi.