Reli Ilikwenda Magharibi, Mimi Nikabaki

Siku yangu ya kwanza karakana ya reli hapa Morogoro, enzi za Mdachi, niliingizwa ndani ya tumbo la gari la moshi. Wallahi si utani. Nilikuwa mwembamba, upepo wa mlimani ukivuma najishika kwenye mgomba. Bwana Fundi Mkuu, Mjerumani mwenye masharubu ambamo kunguru wawili wangelala bila kugombana, akanitazama juu mpaka chini. "Huyu atapita," akasema. Nikasukumwa kwenye kitundu, nikapewa nyundo na koroboi, nikaambiwa nigonge ukoko.

Nyie siku hizi mnasema injinia. Sisi tuliitwa mafundi, lakini kazi ndiyo ile ile. Gari la moshi linakula kuni na kunywa maji. Maji yanachemka kwenye boila, ndilo hilo tumbo, yanatoa mvuke, na mvuke ndio unaosukuma vyuma mpaka magurudumu yanazunguka. Sasa maji yetu ya Uluguru ni matamu, hayaachi kitu. Ya nyikani yana chumvi, yanaacha ukoko mnene kama ugali wa jana. Usipougonga ukatoka, boila linapasuka, na wewe wanakuokota vipande kuanzia Kingolwira mpaka pwani.

Nikapanda cheo. Kutoka kugonga ukoko nikawa mchochea moto, halafu fundi wa boila. Nikafika mahali nimelala kwangu Bigwa, kule mlimani, nasikia boila linalalamika huko stesheni, najua linaumwa wapi. Mke wangu anasema nilikuwa nakoroma tu. Msimsikilize.

Jioni naosha masizi, napanda Bigwa, naswali magharibi, kisha nawasomesha wanangu Kurani mpaka isha. Hapo mnielewe vizuri. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba ni la ukoo wa mama. Mwenye kauli ni mjomba. Mimi baba nimehamia kwa mke wangu, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ukoo siwezi kuwapa wanangu, shamba siwezi. Nilichokuwa nacho ni dini, nikawapa kwa mdomo wangu mwenyewe, aya kwa aya.

Basi reli ikaanza kwenda magharibi. Bwana Fundi Mkuu akaniita.

"Unahama na reli. Utapewa nyumba ya bati. Chukua mke na watoto."

"Bwana Mkubwa, watoto siwezi kuwachukua."

"Kwani si wako?"

"Wangu, ila wana wenyewe. Mpaka mjomba wao akubali."

Akacheka, masharubu yakapiga makofi. "Mlete huyo mjomba!"

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akateremka toka mlimani na mkungu wa ndizi begani. Hakuutua hata alipoingia ofisini.

"Wewe ndiye unayekataza watoto wasihame?"

"Ndiye mimi. Hawa watalima ardhi ya mama yao. Huko unakowapeleka wana ardhi?"

"Wana nyumba ya bati!"

"Bati linaota mahindi?"

Mafundi dirishani wakaangua kicheko. Bwana Fundi Mkuu akawa mwekundu, nikatafuta mahali pa kumfungulia mvuke. "Basi fundi atakwenda peke yake!" akafoka.

Shemeji akaninong'oneza, "Nenda tu, shemeji. Watoto watakula."

"Kula watakula. Atawasomesha nani? Wewe?"

"Mimi hata alifu siijui."

Nikamgeukia mkubwa wangu. "Bwana Mkubwa, siendi."

"Unajua anayekataa anapata nini?"

"Kiboko, hamsa ishirini. Mgongo huu hapa. Ila fanyeni upesi, magharibi isinipite."

Wakanilaza juu ya pipa la mafuta, wakahesabu ishirini na tano. Nawaambieni, kile kiboko kilichoka kabla yangu. Kiliomba ruhusa kikanywe maji. Kazi nikafukuzwa papo hapo, lakini magharibi niliiwahi, na miguu yangu ndiyo iliyonipandisha Bigwa.

Kukaa ndiyo sikuweza. Nikalala kifudifudi kwenye mkeka, wanangu wakanizunguka, wananitazama macho yamewatoka.

"Baba, leo tusome?"

"Mgongo ndio uliopigwa. Ulimi haukupigwa. Someni!"

Baadaye treni zilizobaki zikakosa mtu wa kuzinywesha, wakanirudisha kwa mlango wa nyuma, kwenye bomba la kuvuta maji mtoni. Cheo cha chini, tena bila kofia. Nikalisukuma bomba lile mpaka Mdachi akaondoka, akaja Mwingereza, mpaka nikastaafu. Maji niliyovuta, mkiyamwaga leo, Morogoro nzima mtaenda sokoni kwa kuogelea.

Wenzangu waliokwenda wakawa wakubwa kazini, na Mungu awazidishie. Reli ilifika ziwani bila mimi. Kuna vijana huniuliza kama najuta. Nijute nini? Wanangu wote wamehitimu Kurani, wajukuu nao wanasoma. Shemeji yangu yule amezeeka sasa, huja jioni kukaa barazani kwetu kuwasikiliza. Kwenye shamba, mahari na kesi za ukoo, kauli bado ni yake. Lakini mjukuu akikwama kwenye aya, mjomba mwenye kauli atatazama kushoto, atatazama kulia, atakohoa, halafu atapaza sauti: "Mwiteni babu yenu!"