Tofi za Darasa la Jumapili

Kabla mtu mwingine hajawasimulia habari hii akaitia chumvi, acheni niwasimulie mimi mwenyewe, maana aibu ni yangu na nimeshaizoea, na pale Malaba hata madereva wa malori ambao hawajawahi kukanyaga kanisani kwetu wananiita Mwalimu Switi.

Siku za kazi mimi ni ajenti wa mizigo, yaani nakimbizana na makaratasi ya malori forodhani ili yavuke mpaka. Jumapili nafundisha watoto kanisani upande wa Uganda, ambako nimeoa na ndiko tunakaa (kwetu ni Busia ya Kenya, na mke wangu Athieno husema watu wa Busia tukianza kuongea hatujui pa kuishia, na mtaona hakukosea). Nilipokabidhiwa lile darasa lilikuwa na watoto tisa, mmoja wao akiwa Akoth, binti yangu wa miaka sita, ambaye hakuwa na hiari. Mchungaji kila akipita mlangoni alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniponza, kwa sababu Jumamosi moja nikiwa nasubiri mihuri nikaingia dukani nikanunua pakiti ya tofi, ambazo watoto wa huku huziita switi, zile laini zinazonata kwenye meno mpaka uzichokoe kwa kidole, na kesho yake nikatangaza kwamba atakayekariri aya atapata moja.

Nilifanya hilo tu.

Baada ya wiki chache nilikuwa naazima mabenchi. Watoto wa Malaba ni wajanja, wote walikuja na aya ileile moja, fupi kuliko zote, wakaisema mmoja baada ya mwingine wakiwa wamekinga mikono, nami nikaona niongeze masharti: aya tatu, tofi tatu, na atakayekuja mazoezi ya kwaya Jumatano ana yake pia. Mchungaji akanisifu mbele ya waumini, akasema nina karama ya kuvuta watoto. Nikakubali kwamba ninayo.

Mwaka mzima ukapita hivyo, kisha mchungaji akamwalika daktari wa meno kutoka Tororo mjini, mama mmoja mpole, Daktari Nekesa, aje baada ya ibada kuangalia meno ya watoto na kuongea na wazazi. Mimi mwenye karama nikaombwa kufungua kwa maneno machache. Machache! Nilisoma boksi la dawa ya meno pande zote nne, nikamuuliza jirani yetu muuguzi maswali mawili matatu, nikavaa koti. Nikawaambia wazazi kwamba jino la mtoto lina ganda gumu la nje linaloitwa enameli, kwamba sukari ikikaa juu yake vijidudu vya mdomoni vinaigeuza kuwa asidi, na asidi inalilainisha lile ganda kidogo kidogo mpaka linatoboka. Hadi hapo nilikuwa sawa, hata daktari alitikisa kichwa kukubali, na kama ningekaa chini wakati ule leo ningekuwa naitwa jina langu.

Lakini niliona watu wametulia wananisikiliza (ofisini hakuna anayenisikiliza) nikanogewa. Nikauliza ni mzazi gani anayempa mtoto soda asubuhi badala ya uji. Nikauliza ni mama gani anayemwaga sukari kwenye chai kama anamwaga mchanga, na nilipouliza hivyo macho yangu yakaenda kwa Mama Owor, muuza mandazi, yakakaa pale muda mrefu kuliko ilivyofaa. “Wazazi, mnayaua meno ya watoto wenu kwa mikono yenu wenyewe!” nikamalizia, nikaketi mbele kabisa, karibu na daktari.

Daktari akavaa tochi kichwani, watoto wakapanga mstari, wazazi wakasimama nyuma yao. Wa kwanza alikuwa Owor.

“Fungua, hivyohivyo. Hapa kuna tundu. Na hapa tena. Unapenda kula nini, baba?”

“Switi.”

“Nani anakupa?”

“Mwalimu.”

Watu wachache wakacheka, nami nikacheka nao kama vile ni utani. Akaja wa pili, matundu mawili, mwalimu. Wa tatu, madoa meupe na tundu moja, mwalimu. Kufikia wa nne daktari hakuhitaji kuuliza, yule mtoto alifungua mdomo huku akinionyesha kwa kidole.

“Wewe nasimama hapa nasema sisi naharibu watoto,” Mama Owor akapaza sauti, “kumbe switi iko natoka kwako!”

“Ni moja tu,” nikajitetea, “tena Jumapili peke yake.”

“Na Jumatano!” watoto wakaitikia kwa pamoja. “Na ukijua aya tatu unapewa tatu!” Maskini, walidhani wananisaidia.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nikasimama nikasema tofi zangu hazina kosa, kosa ni la kutopiga mswaki, na ushahidi ninao nyumbani kwangu, kwani binti yangu anazila kuliko mtoto yeyote na meno yake ni meupe kama maziwa. “Akoth, njoo mama, mfungulie daktari mdomo watu waone.”

Akoth akabana midomo. Nikamwita tena. Akatazama chini, akaja polepole, akafungua kidogo tu, na kweli meno ya mbele yalikuwa meupe. Daktari akainamisha tochi, akasogeza shavu kwa kijiti. Halafu akaniita nisogee. Nyuma, upande wa kushoto, magego mawili yalikuwa yametoboka, na chini ya moja ufizi umevimba.

“Limekuuma tangu lini?” daktari akamuuliza.

“Siku nyingi.” Kisha Akoth akanigeukia, na hakusema kwa sauti kubwa, ila kanisa lote lilimsikia. “Baba, nilikuambia. Ukasema nitafune upande mwingine.”

Ni kweli, aliniambia. Nilikuwa nahesabu aya za watoto nikamjibu bila kumtazama. Akaanza kulia, na mimi, kwa kuchanganyikiwa na kwa mazoea ya mwaka mzima ya kunyamazisha watoto, nikatia mkono mfukoni mwa koti nikatoa tofi nikampa. Mbele ya daktari. Mbele ya Mama Owor. Wallahi sikujua mkono wangu unafanya nini mpaka niliposikia kicheko, na safari hii hata mchungaji alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Athieno ndiye peke yake ambaye hakucheka. Alikuja akamchukua mtoto, akaitoa ile tofi mkononi mwake, akanirudishia.

Kesho yake sikwenda kazini. Tulikwenda Tororo sote watatu, gego lenye uvimbe likang'olewa na lile la pili likazibwa, na Akoth alinishika kidole gumba muda wote mpaka kikafa ganzi, nami sikuthubutu kukitoa. Niliuliza kama si meno ya utoto tu, si yatatoka yenyewe? Daktari Nekesa akanieleza bila kunicheka kwamba yale ndiyo yanayoshikilia nafasi ya meno ya ukubwani, kwamba madoa meupe, ambayo ndiyo mwanzo wa kutoboka, bado yanaweza kuimarishwa na dawa ya meno yenye floridi, ila ganda likishatoboka halijizibi. Akasema mtoto wa umri ule hawezi kujisugua vizuri peke yake, mzazi amsaidie, asubuhi na kabla ya kulala, dawa kiasi cha punje ya njegere, ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Kama ni kitu kitamu, akile wakati wa chakula, si kumung'unya kutwa.

Jumapili iliyofuata niliwaomba wazazi msamaha, nikaanza na Mama Owor (akanisamehe akinicheka). Nikawatangazia watoto kwamba tofi zimekwisha. Darasa likabaki na watoto kumi na wawili, na mabenchi nikarudisha.

Sasa jioni nakaa kwenye kigoda uani, Akoth ananiegemea magotini kichwa nyuma, mdomo wazi, nami nasugua kuanzia magego ya nyuma, ambayo hapo awali sikuwahi kuyatazama hata siku moja. Akisema panauma, naacha kusugua, naleta tochi, naangalia. Na kusimama mbele ya watu niwafundishe malezi, hilo nimeapa sitalirudia, hata mchungaji apige magoti.