Hamira, siyo hamri

Leo nimejichoma, nimejitolea siri mwenyewe, tena kikombe kikiwa mkononi.

Busaa yangu ya kwanza, pombe ya kwetu, tangu nihamie Amu, kisiwani Lamu, imeiva. Nimechuja, nikaonja.

Jamani. Uchachu kwanza, halafu utamu wa kimea ukaja polepole, na ile harufu ya unga uliokaangwa, kama jikoni kwa mama kule Kakamega. Nikafumba macho.

Hodi.

Ni Bi Rukia, mwenye nyumba wangu. "Mwalimu, nasikia harufu ya hamira..."

Mimi nikasikia "hamri", yaani pombe. Neno hilo nalijua vizuri, spika ya msikiti imeelekea dirisha langu.

Nikaanza kujitetea. Ni busaa tu Bi, ya kunywa mwenyewe, siuzi, namwaga sasa hivi, usinifukuze.



"Mimi nataka hamira ya mahamri, mwanangu. Yangu imeisha."

Nikampa pakiti. Akachungulia jikoni, akaiona sufuria aliyoniazima Jumamosi, imejaa busaa.

"Hiyo usinirudishie," akasema. "Nimekupa."

Nikajua hapa nimeshahama, nafukuzwa.

Sasa hivi ameniletea mahamri, ya moto, mengi.

Kwenye sahani ya karatasi, isiyorudishwa.