Mashine ya Kukereza Kwenye Kihamba cha Baba

Siku ya kwanza kazini nilipewa tupa iliyochakaa na kipande cha chuma kisicho na umbo, nikaambiwa nikitengeneze kiwe dadu. Dadu kubwa, pande zote sawa. Msimamizi wa Karakana, mtu mfupi mwenye koti la kaki lililogeuka jeusi kwa mafuta, alinionyesha jiriwa, lile taya la chuma linalofungwa mezani kubana kazi, akasema, "Anza." Nikapiga tupa mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilidhani nimeajiriwa kwenye mashine, kumbe mashine nilikuwa mimi. Nilipompelekea aliiweka dadu yangu juu ya kioo, akainama kuangalia mwanga unapita wapi chini yake, halafu akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu.

"Hicho ni kiazi," akasema. "Rudia."

"Mzee, mbona pande zimelingana?"

"Zimelingana kwa sababu umezipenda. Chuma hakina ndugu, kijana. Hakikuonei huruma, wala wewe usikionee."

Maneno hayo nimeyabeba maisha yangu yote. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo sikuwa na mengi ya kubeba, nafasi ilikuwepo.

Karakana hiyo ilikuwa ya kiwanda kimoja hapa Moshi, kule upande wa Njoro. Baada ya viazi vingi nikapandishwa kwenye mashine ya kukereza. Vijana wa leo wengi hawaijui, basi nieleze. Inashika chuma kwa meno matatu, inakizungusha, na wewe unasogeza kisu pembeni kinanyoa kidogo kidogo mpaka unapata shafti, au bushi, ile pete inayovaliwa na shafti isile mwili wa mashine. Ukizoea, unajua kwa sauti tu kama kisu kimekuwa butu. Mke wangu, Mama Aneth, anasema nakisikiliza chuma kuliko ninavyomsikiliza yeye. Ni kweli, lakini chuma hakirudii habari ile ile.

Baadaye nikaazimwa kwenda Sanya Juu, kwenye karakana ya shamba kubwa. Ndiyo ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni kwa foleni, betri ya redio unaianika juani. Trekta likiharibika linalala. Nilimwendea Mkuu wa Mitambo kuomba spea. Alikuwa mpole, anakula karanga wakati wote, mfuko wa suruali umetuna kama ana mtoto wa paka ndani. Akaniangalia, akatafuna, akasema, "Spea hakuna nchi nzima. Spea ni wewe." Nikajifunza kuyeyusha mabomba ya zamani ya shaba kutengeneza bushi, na kuchonga bolti kutoka kwenye vyuma vya vitanda. Kuna vitanda vingi Sanya Juu vilipoteza miguu wakati huo, lakini nirudi kwenye habari.

Niliporudi mjini, mambo yalikuwa yanafunguliwa. Ruhusa ya kuleta bidhaa, ruhusa ya kuuza. Kiwanda chetu nacho kikauzwa. Akaja Meneja mpya, viatu vinang'aa, akatembea karakana nzima mikono nyuma. Akafika kwenye mashine yangu.

"Hii ya mwaka gani?"

"Sijui, Meneja. Nimeikuta."

"Iende chakavu. Na wanaoitumia tutawapa barua."

Nikamwomba mashine. Akacheka, siyo kwa ubaya, akauliza, "Utaiweka sebuleni, mzee? Uitandikie kitambaa?" Vyuma vyote vilikuwa vimeshachukuliwa na mnunuzi mmoja wa Himo. Nikamfuata huko huko njia panda. Lori lake lilikuwa limevunjika mhimili, limelala pale linazibia watu njia, na kila dereva anayepita anamtukana. Nikamwambia nikilifufua lori lako, unanipa mashine ile na unaileta kwangu kwa lori hilo hilo. Akasema mzee huyu kichaa. Lori likafufuka. Kichaa akapanda mbele.

Sasa hapa ndipo kazi yangu ya kweli inaanza, maana hizo nyingine nilifanya nikiwa mali ya watu.

Kwetu mlimani mtoto wa mwisho ndiye anabaki kwenye nyumba ya baba, na mimi ndiye wa mwisho. Kihamba, yaani lile shamba la nyumbani la migomba na kahawa walikolala wazee wetu, kiko mikononi mwangu, lakini ni cha ukoo. Lori liliishia barabarani. Kutoka hapo mashine ilibebwa kwa miti mabegani na wanaume wa ukoo, kuvuka mfongo, ule mfereji wetu wa maji, huku wakiimba na kunilaani. Mama Aneth alikuwa amepika mbege, pombe yetu ya ndizi. Bila mbege chuma kile kingekuwa barabarani mpaka leo.

Mashine ya kukereza haitaki mteremko. Ikiinama kidogo, shafti inatoka nene upande mmoja kama karoti. Kihambani palikuwa na mahali pamoja tu pa tambarare, napo pana mibuni ya baba. Nikaing'oa. Nikamwaga zege, nikaifunga mashine kwa bolti. Umeme wa kijijini ulikuwa wa waya mmoja wa moto, na mota ya kiwandani inataka tatu, kwa hiyo nikaitoa nikaweka mota ya pampu ya maji na puli kubwa ya kupunguza mwendo. Ikazunguka. Mbuzi wa jirani walikuwa wanaingia kulamba mafuta, basi nikapanda masale kuzunguka banda, yakaota vizuri, mabichi mwaka mzima.

Kaka yangu mkubwa, Elirehema, alikaa kimya mpaka masale yakamfika kiunoni. Ndipo akaita wazee wa ukoo.

Anayetoka huku ameshaelewa. Kwa mgeni nieleze: sale ni mmea wenye majani marefu kama panga, na kwetu una kazi mbili. Kupanda masale ni kuweka mpaka. Na kumpelekea mtu jani la sale ni kumwomba radhi, naye hana ruhusa ya kukataa, hata kama umemuua ng'ombe wake.

"Ameng'oa kahawa ya baba," Elirehema akasema mbele ya wazee. "Hilo ningemeza. Lakini ameweka mpaka! Amemega kihamba. Kesho anauza kipande hicho kwa mtu wa Dar."

"Nimezuia mbuzi, kaka."

"Mbuzi wanazuiwa kwa miiba! Masale wanayajua watu."

Mzee Aminiel, baba yetu mdogo, akaamua kwa upole. Nibebe jani la sale, nimpelekee kaka yangu, niombe radhi, na mashine itolewe mavuno ya kahawa yakiisha. Nikibisha, wataibeba wao wenyewe.

Nikasimama. Nilikuwa na heshima, lakini nilisimama. "Shikamooni wazee. Masale nimeshapanda. La kubeba sina. Mtu anabeba sale akiwa amekosa."

Mama Aneth njiani aliniuliza kama nimerogwa. Tukikosana na ukoo nani atatuzika?

Nikamjibu, "Watatuzika tu, tutakuwa tunanuka."

Nitasema ukweli wa moyo wangu. Ile mashine ikitoka, mimi ningebaki mzee wa kuswaga mbuzi. Kiwanda kilishanitupa. Kutupwa mara mbili sikukubali.

Lakini palikuwa na tatizo ambalo hakuna mzee wa ukoo aliyelijua: mashine yangu ilikuwa haina faida kubwa kijijini. Vinavyovunjika huku ni palpa, zile mashine za mkono za kumenya kahawa mbivu. Na kinachovunjika kwenye palpa ni gia ndogo. Kahawa ikichumwa haisubiri, isipomenywa mapema inachacha, na harufu yake ikifika kwa wanunuzi umekwisha. Mashine ya kukereza inatengeneza vitu vya mviringo, haikati meno. Watu walikuwa wanakuja na gia zilizong'oka meno kama bibi, nawarudisha.

Basi siku moja sokoni Moshi, kwenye mitumba iliyotoka kwenye kontena, katikati ya viatu vya kuteleza kwenye barafu, nikaona kimashine. Cha kukatia, kidogo kama cherehani, na pembeni kisahani chenye matundu mengi yaliyopangwa duara. Nikajua ni nini kabla sijakigusa. Kisahani cha kugawia! Unafunga chuma, unakata jino moja, unahamisha pini matundu kadhaa, unakata la pili, mpaka unazunguka na meno yote yanatoka sawa. Ndani ya boksi lake kulikuwa na gurudumu dogo la treni, halijamalizika. Muuzaji akaniambia Wazungu wazee wanatengeneza treni za kuchezea nyumbani, kujifurahisha. Nikafikiri sana juu ya mzee huyo nisiyemjua. Yeye anatengeneza treni kwa mchezo, na sisi stesheni yetu majani yameota.

Nilipopanda nacho kijijini wakanicheka. "Baba Aneth, kubwa limezaa?" Elirehema akapaza sauti ng'ambo ya masale, "Mwacheni, amerudi utotoni, sasa ananunua vichezeo."

Kilikuwa kichezeo kweli. Ukikipa kazi ya chuma kilitetemeka kama kuku mwenye baridi. Kwa hiyo nikakijenga upya. Kitako chake cha bati nikatoa, nikakikalisha juu ya kipande kizito cha reli. Skurubu ya kusogeza meza ilikuwa imelegea, ukirudi nyuma meza inachelewa kukufuata, na jino linatoka limepinda. Nikakereza skurubu mpya kwenye mashine kubwa, na nati yake ya shaba. Kamkanda kake ka mpira nikabadilisha. Kubwa likamtengeneza mdogo, na mdogo akafanya ambalo kubwa haliwezi. Kisu nilikipa kula kidogo sana, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Gia ya kwanza niliiweka juu ya kioo, nikainama kutafuta mwanga. Ilikuwa kiazi. Niliitupa. Sikuipenda, na ndiyo maana iliyofuata ilikuwa gia.

Mavuno yakaja, watu wakasikia. Kwanza walituma wake zao, wanaume wakiona aibu ya ule mkutano. Nikatengeneza. Mavuno yalipoelekea mwisho, asubuhi moja wakafika wenyewe, Mzee Aminiel mbele na Elirehema nyuma yake, na wanaume wale wale, na miti ile ile mabegani.

"Tumekuja," Elirehema akasema.

"Karibuni. Bolti zimefungwa, spana sitawapa."

Mzee Aminiel akaingia bandani, akapapasa mashine, akakohoa. "Itatoka," akasema. "Neno la ukoo ni neno. Lakini gia yangu uliyoahidi, imeshakamilika?"

"Bado, baba mdogo. Meno nusu."

"Basi amalizie," akawageukia wenzake. "Akimaliza tuibebe."

"Na yangu je?" mwingine akasema nyuma. "Mimi nina kahawa kwenye mapipa aisee! Itolewe baada ya yangu."

"Yako? Mimi nilitangulia, muulize Mama Aneth!"

"Ulitangulia wapi, wewe uliyesema hapa ni mahali pa shetani?"

"Nilisema kelele. Sikusema shetani."

Wakabishana nani ni wa mwisho, na kila mmoja anataka mashine itolewe, ila siyo kabla ya gia yake. Mimi nikawaambia, "Sikati jino hata moja miti ile ikiwa ndani ya masale yangu." Miti ikatolewa nje. Baadaye Mama Aneth aliijengea banda la kuku, mizuri mno, haijaoza. Elirehema akabaki peke yake katikati ya njia, akaondoka bila kuaga, na mwaka mzima hakupita mlangoni kwangu.

Nilifanya kazi pale miaka mingi kuliko niliyofanya kiwandani. Sasa macho yamenikataa, siuoni mwanga chini ya kazi, na fundi asiyeuona mwanga huo aache mwenyewe kabla hajaambiwa. Vijana mnaniambia niiuze chakavu, gia zinatoka China kwa mfuko. Nimeziona. Ni viazi vilivyopakwa rangi. Nanyi mnaoambiwa kazi yenu imepitwa na wakati, muulizeni anayewaambia kama amewahi kuishika.

Lakini nilikuwa kwenye habari ya Elirehema. Mavuno yaliyofuata, asubuhi, nilimwona anakuja kupitia penye masale, hakuzunguka njia. Akasimama mlangoni. Mkononi alikuwa na mkono wa palpa yake, ule wa kuzungushia, umekatika vipande viwili.

"Umevunjika," akasema.

Nikaupokea. Vipande alikuwa amevifunga pamoja visipotee, na alivifunga kwa jani la sale, bichi, limekatwa muda huo huo kwenye ua wangu.

Nikaliangalia jani. Yeye akaangalia mashine. Nikamwambia akae, Mama Aneth akamletea kiburu, zile ndizi zetu za kupondwa na maharage, akala, nikafanya kazi yake.

Alipokufa tulimzika kihambani, nami nilikuwa mbele. Hakuwahi kusema kama asubuhi ile alikosa kamba. Jani nililitundika juu ya swichi ya mashine. Limekauka, limekuwa gumu kama bati, na hakuna mtu ninayemruhusu kuligusa, wala jani wala mashine.