Kaburi la Pili Magofuni

Harufu ya chokaa mbichi hunirudisha magofuni, nyuma ya nyumba tuliyopanga. Asubuhi moja mimi na Mama tulikuta mafundi wawili wamebomoa kaburi la kale, wanapakia mawe kwenye mkokoteni wakajengee msingi. Mama, aliyekuwa mwalimu kutoka bara, akaketi juu ya kaburi la pili.

“Mwalimu, hawa si ndugu zako,” fundi mmoja alisema. “Wala si Wakristo wenzako.”

“Najua. Ila walikuwa hapa kabla yetu sote. Hapa sitoki.”

Nikaenda kuketi ubavuni mwake. Jiwe lilinikwaruza mapaja. Jua likapanda, likatuchoma, Mama hakusogea.

“Haya, yashushe hayo mawe,” fundi mkubwa akamwambia mwenzake.

Kaburi la kwanza hatukuweza kulirudisha lilivyokuwa, hata kwa chokaa mbichi. La pili lipo mpaka leo.