Ua la Mkeka wa Chumbani

Kwetu Pande binti akiolewa, mama yake humsukia mkeka wa chumbani, na ua lake, ile nakshi ya kusukia, lisiwe la mtu mwingine. Wakwe wanautazama mkeka kabla hawajamtazama binti. Ukipeleka ua la kuiga utasemwa mpaka uzikwe.

La binti yangu lilinijia nikipepeta mpunga. Hapana, nilikuwa nakuna nazi, mpunga mwaka ule waliumaliza nguruwe, na mume wangu kutwa yuko shambani anapiga debe tupu kuwafukuza. Lilinijia tu, michoro kama vidole, myekundu ikifukuzana na myeusi. Nikasuka kili, zile kanda ndefu za ukindu, nikaziunga kwa sindano, mlango nimefunga. Wifi yangu akibisha, naufunika kwa kanga. Macho yake hayatulii yule.

Ulikuwa wakati wa ruksa ya biashara, maduka yamejaa vitu vya nje. Binti akaenda mjini Masoko kununua sabuni, akarudi kanuna.

“Mama, ua letu liko dukani. Kwenye mikeka ya plastiki.”

Nikaenda mwenyewe. Lile lile.

Nikamshuku wifi. Nikamshuku na yule mnunuzi aliyepita kijijini akipiga picha kazi zetu. Wifi akacheka.

“Wenye kiwanda watoke ng’ambo waje kukuchungulia wewe, wifi? Labda uliliona mahali ukasahau.”

Neno hilo likanikaa. Kitu kikikujia kichwani, nani kakileta? Mpaka leo nikipata wazo zuri silipokei hivihivi. Nalifunua mashavu kwanza, kama samaki nisiyejua kavuliwa lini.

“Watasema tumeiga plastiki,” binti akasema, analia.

Harusi imefika, kusuka upya hakuwezekani. Nikachukua wembe, nikafumua mishono yote, nikaziunga kili upya, kila mmoja nimeusogeza kidogo, ncha nikazikata. Maua yakakosana, nusu huku nusu kule, kama watu waliogombana wakipishana njiani. Hili sikuletewa na yeyote. Nadhani.

Siku ya kuupeleka, shangazi wa bwana harusi akautandaza, akalifuata ua kwa kidole.

“Mkwe, huu umepinda.”

“Umepinda, mkwe.”

“Mkeka wa hivi umeuona wapi?”

“Sijauona popote.”

Akanitazama. Akaugeuza, akaukagua chini. Kisha akavua viatu, akakaa juu yake, akamwita binti yangu aje akae naye.